Kidole Juu ya Jina

Ninyi mliofungua vibanda vya fotokopi hapa Bujumbura, huku Mutakura, na ninyi wa Ngagara mnaochapa barua za watu kwenye simu mkiwa mmesimama, nawaandikia ninyi. Majuzi nilipita kwenye kibanda kimoja nikamwona kijana anapaka gundi mgongo wa kitabu cha mtu huku macho yake yapo kwenye mpira wa runinga. Nilijikaza, nikaondoka. Nilipofika kona nikarudi. Nikamwambia, "Mwanangu, gundi imeshakauka kwenye brashi." Akanijibu bila kugeuka, "Muzee, ngoja kwanza, tunapiga penalti."

Nina miaka arobaini na minane. Mzee! Lakini kama nimeshaitwa mzee, acha nitumie haki ya wazee, niseme mpaka mchoke.

Kwa miaka karibu ishirini, ukitoa ile niliyotoroka, kazi yangu ilikuwa kufunga vitabu. Si vitabu vya dukani. Nilifunga vile ambavyo wanafunzi wa chuo kikuu wanaandika wanapomaliza masomo, sisi tukiviita memwari. Nilikuwa na chumba kimoja Mutanga Sud, hatua chache kutoka geti la chuo. Ndani palikuwa na mashine ya fotokopi iliyokohoa kila asubuhi, presi ya chuma ya kubana vitabu, na sanduku la herufi za shaba za kuandikia majina ya dhahabu kwenye jalada. Chuo chenyewe sikuingia. Nilimaliza sekondari, nikafika getini, nikabaki getini. Ila nimeshika memwari nyingi kuliko profesa yeyote, na kuna ukurasa mmoja sikuuruka hata siku moja, ule wa shukrani. Ukitaka kumjua mwanafunzi, angalia anamshukuru nani. Kuna kijana mmoja wa sheria alishukuru wachumba wawili, kila mmoja kwenye ukurasa wake. Aliniomba nimfungie nakala mbili za nyumbani, kila moja imepungua ukurasa mmoja. Nilimfungia, nikacheka wiki nzima. Sikujua kwamba ufundi ule wa nakala mbili zisizofanana ungeniponza.

Aliyenifundisha ni Mzee Ramadhani wa Buyenzi, Mungu amrehemu. Yeye alianza kwa kushona misahafu iliyochakaa na madaftari ya wafanyabiashara, zamani ambapo gundi ilikuwa inachemshwa kwenye kopo na mtaa mzima unajua leo Ramadhani anafunga kitabu. Alikuwa mkali kwa mambo madogo. Alinizuia kupaka gundi kabla sijagonga karatasi mezani pande zote nne. Alinifundisha kukunja karatasi kidogo kwa urefu na kwa upana ili nijue nyuzi zake zinalala upande gani, kwa sababu jalada lililokatwa kinyume na nyuzi linapinda mvua za Machi zikianza, na mwenye kitabu atakuja kukuuliza kwa nini memwari yake inafunguka yenyewe kama mlango wa baa. Alinifundisha pia kumwambia kila mwanafunzi aache sentimita tatu upande wa kushoto, kwa sababu mshono unakula maandishi. Wote wanakubali. Wote wanaacha mbili.

Lakini sheria yake kubwa ilikuwa ya kidole. Herufi za dhahabu hazifutiki. Ukishazipasha moto na kuzikandamiza kwenye jalada, umemaliza, hata ukilia. Kwa hiyo kabla ya dhahabu, Mzee Ramadhani alikuwa anagonga jina kwanza kwenye kipande cha karatasi ya kawaida, kisha anamwita mwenye kitabu. "Weka kidole kwa jina yako," anamwambia. Si kusoma tu, kuweka kidole, herufi moja moja, huku yeye anasubiri na kopo lake la chai. Maprofesa, mapadri, wakuu wa ofisi, wote waliweka kidole kama watoto wa darasa la kwanza. Mtu akisema ana haraka, mzee anamwambia, "Basi nenda, jina itabaki hapa, iko na nafasi."

Sheria ile niliivunja mara moja tu maishani. Ndiyo habari ninayotaka kuwapa, mengine yote nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Mwanzo wake ni vyura.

Walikuwa wasichana wawili wa kilimo na mazingira. Wa kwanza aliitwa Spès, Mrundi, mtoto wa Ngagara, baba yake mtumishi wa serikali aliyepiga pasi hata soksi. Wa pili aliitwa Claudine, Mnyarwanda, kwao ng'ambo ya mto Kanyaru, amekuja Bujumbura kusoma na amepanga chumba Mutanga Sud karibu na mimi. Idara iliwaruhusu kuandika memwari moja wawili, na wakachagua vyura wa mashamba ya mpunga kando ya Kanyaru. Mto ule ndio mpaka. Likizo ilipofika, Spès alikwenda kukaa kwa shangazi yake upande wa Burundi, Claudine akarudi kwao upande wa pili, na kila jioni jua likianza kushuka walikuwa wanapigiana simu. "Uko tayari?" "Niko." "Moja, mbili, tatu." Kisha kila mmoja anakata simu na kuhesabu milio kwa dakika kumi, saa ile ile, ili chura asihesabiwe mara mbili akiruka ng'ambo. Mimi niliposikia nilidhani wananitania. Wakanionyesha jedwali.

Wakaja kwangu karibu kila siku, kufotokopi, kuchapa, kugombana. Nikiwaandikia maneno yao hapa nayaandika kama nilivyoyasikia, Kiswahili chetu cha mjini na Kirundi kikiingia bila kubisha hodi. Spès alikuwa anasema haraka na kwa mikono. Claudine alikuwa mpole, mpaka afungue mdomo.

Mambo kati ya nchi zetu mbili, Burundi na Rwanda, yalikuwa yameharibika. Sitaki kueleza nani alimwambia nani nini, wakubwa wana redio zao. Ninachojua ni kilichofika mtaani. Mpaka ulifungwa. Mwenye nyumba ya Claudine, ambaye mwaka mzima alimwita binti yangu, ghafla alikumbuka kwamba chumba kile anakihitaji kwa mpwa wake. Mama yake Spès hakuuliza mtu. Alituma mkokoteni kubeba godoro la Claudine mpaka Ngagara, na jirani alipochungulia, akamwambia, "Nini? Nimezaa tena. Njoo unipongeze."

Na pale dukani kwangu, siku moja alikuja mteja kufotokopi kitambulisho, akaona ramani yao imelala kwenye mashine, mto katikati na alama nyekundu pande zote mbili.

"Hii ramani ya nini? Si ya mupaka hii?" Akamtazama Claudine. "Na huyu si wa kule?"

Mimi nilishika brashi nikasahau kwa nini nimeishika.

"Ni ya vyura, kaka," alisema Claudine.

"Vyura gani wako na ramani?"

"Wale wasiopenda kupotea."

Yule bwana alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka, akaondoka akasahau kitambulisho. Spès alikimbia nacho barabarani akimwita, "Kaka! Kaka! Umesahau uraia wako!"

Tulicheka hivyo. Lakini baba yake Claudine naye alikuwa na redio. Akapiga simu: Jumatano ya wiki ijayo uwe kwenye basi. Njia ya kawaida haipo, kwa hiyo azunguke Kobero, aingie Tanzania, avukie Rusumo ndipo afike kwao. Na chuo kilikuwa kimetoa ratiba: memwari ziwekwe idarani kabla ya Ijumaa saa sita mchana, utetezi Jumanne. Atakayechelewa atasubiri kikao kingine, miezi mingi mbele. Hesabu ilikuwa rahisi hata kwangu mtu wa getini. Wakiweka Ijumaa, watasimama mbele ya majaji Jumanne wote wawili, na Jumatano Claudine anapanda basi akiwa amemaliza. Wakikosa Ijumaa, yeye anaondoka bila kumaliza, na hakuna aliyejua baada ya miezi ile barabara gani itakuwa wazi.

Jumatano ya wiki ile, kabla ya ile ya basi, waliniletea kurasa zote. Nakala sita, jalada gumu la kijani, rangi ya chura, walisisitiza. Nikawaambia warudi Alhamisi kuweka kidole.

Nusu saa baadaye Spès akarudi peke yake. Akafunga mlango.

"Fundi, mi nakuomba kitu. Usimwambie Claudine. Jina yake, weka mbele. Juu ya yangu."

"Mmeandika la kwako juu kwenye karatasi."

"Najua. Badilisha. Fundi, watu wa leo, jina ya Mnyarwanda ikikaa chini, ni rahisi kusema ilikuwa musaidizi tu, itoe. Ikikaa juu, nani atatoa? Watachukua nini, kichwa ya kitabu?"

Nikaona ana akili. Nikasema sawa.

Saa kumi hivi nikamwona Claudine amesimama nje, anasubiri mteja wa mwisho atoke.

"Fundi, usimwambie Spès. Namujua, atakuja kukusumbua. Jina yake ikae juu, yangu chini, kama kwenye karatasi. Na yangu uandike ndogo, kama unaweza."

"Kwa nini ndogo?"

"Mi naondoka, fundi. Yeye anabaki. Baba yake anafanya kazi ya serikali. Sitaki mutu aone jina yangu juu ya mutoto wake, aanze kumuuliza maswali kazini."

Nikaona na huyu ana akili. Nikasema sawa.

Mnaona kosa langu? Vijana, fundi ana maneno mawili tu ya kweli, "inawezekana" na "haiwezekani". Neno "sawa" ni la mtu anayetaka wateja wamuache aende nyumbani. Usiku sikulala kwa mawazo, na Alhamisi asubuhi nikapata suluhisho ambalo lilinifurahisha mpaka nikapiga mluzi. Nakala ni sita. Tatu nitaandika Claudine juu, tatu nitaandika Spès juu. Haki tupu! Nilijiona mpatanishi. Nikawaza, wale wakubwa wanaokaa mezani kugombania nani aingie mlangoni kwanza, wangeniita mimi, ningewagawia milango.

Kidole? Kidole ningewekaje? Wangekuja wote wawili, wangeona vipande viwili vya karatasi, na siri mbili zingekutana mezani kwangu. Nikawapigia simu nikasema wasije, kazi inaenda vizuri, wajipumzishe, wakutane nami Ijumaa asubuhi palepale idarani. Nikapasha herufi, nikagonga dhahabu. Herufi zangu hazikuwa na ile alama ndogo juu ya E ya Spès, kwa hiyo niliitia kwa ncha ya msumari wa moto, mara sita, na nikajisifu mwenyewe kwa mkono usiotetemeka. Mzee Ramadhani alikuwa ameshazikwa muda mrefu, lakini nakwambieni kopo lake la chai nililisikia likiwekwa mezani.

Ijumaa saa mbili tulikuwa mbele ya sekretari wa idara, mama mmoja mnene, mwenye miwani kwenye kamba, anayeogopwa na madaktari wa sayansi. Wasichana walisimama kifua mbele. Nikampa kile kirundo. Akachukua ya kwanza, akaandika kwenye rejista. Akachukua ya pili na ya tatu, akaandika. Akachukua ya nne. Akarudi kwenye ya kwanza. Akavaa miwani.

"Hizi ni memwari ngapi?"

"Moja, Mama," alisema Spès. "Nakala sita."

"Moja?" Akaziweka mbili ubavu kwa ubavu, akazigeuza zitutazame. "Hapa Claudine ni wa kwanza. Hapa Spès ni wa kwanza. Nani ameandika, nani amebeba begi?"

Spès akamtazama Claudine. Claudine akamtazama Spès. Kisha wote wakanitazama mimi, na mimi nikatazama picha ya kalenda.

"Ulimwambia nini?" Spès akamuuliza mwenzake.

"Na we ulimwambia nini?"

"Mi nilimwambia akuweke juu!"

"Mi nilimwambia akuweke we juu! Sha, we mutu wa namna gani, tulikubaliana!"

"We ndiyo ulikubaliana, mi nilinyamaza!"

Yule mama aligonga meza. Hakupaza sauti. "Wanangu, mapenzi mutafanyia nje. Wiki hii watu wanatafuta sababu ya kusema neno. Fundi, we umewapa sababu, tena ya dhahabu. Mukiniletea nakala sita zinazofanana kabla ya saa sita, nitaandika. Saa sita na dakika moja nafunga rejista, na mi sina mupwa wala rafiki."

Tulitoka. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Lakini walikuwa na shughuli ya kugombana wao kwa wao, njia nzima, juu ya nani ana haki ya kuwa wa pili. Mimi nyuma nimebeba vitabu kama punda aliyekula karatasi.

Kubadilisha majalada yote kungechukua siku nzima, kwa sababu gundi ya mgongo inataka kulala chini ya presi. Kwa hiyo, vijana, andikeni hili: jalada likikosewa na muda hamna, usilibomoe. Kata kipande cha kitambaa kile kile cha jalada, kigongee maandishi mapya, kibandike juu ya kosa, ukibane kwa pasi yenye joto dogo na karatasi kavu katikati. Kikikaa vizuri watu wanadhani ni urembo. Ila herufi na pasi zinataka umeme, na tulipoingia dukani umeme ukakatika. Haukuaga.

Claudine alivua koti. "Imbabura iko wapi?"

Imbabura ni jiko letu la mkaa. Mama wa maandazi wa jirani alitukopesha lake likiwa bado linawaka, akaja nalo mwenyewe kwa sababu alitaka kujua kinachoendelea. Claudine akapepea, Spès akakata vitambaa, pasi ya mkaa ikatoka Ngagara kwa pikipiki, Mama Spès akiwa ameituma na ujumbe kwamba isirudi na gundi. Mimi nikapanga herufi. Na hapo tukakwama palepale. Nani juu?

"Yeye," alisema Spès.

"Yeye," alisema Claudine.

"Saa nne na nusu," alisema mama wa maandazi.

Nikawaambia, "Hakuna juu. Nawaweka mstari mmoja, ubavu kwa ubavu."

"Bado kuna wa kwanza," alisema Claudine. "Wa kushoto ndiye wa kwanza."

"Kwa nani? Kwa nyie muliosoma kwa masista. Mi nilianza madrasa ya Buyenzi kabla sijajua A. Kitabu changu cha kwanza kilianzia kulia, na mwalimu alikuwa na fimbo ya kunikumbusha. Spès akae kushoto, Claudine akae kulia. Profesa wenu akishika kitabu, Spès ni wa kwanza. Mi nikishika kitabu, Claudine ni wa kwanza. Na mutu akitaka kubisha, akabishane na madrasa."

Wote wawili wakainamia herufi badala ya kubishana. Nadhani ni mara yao ya kwanza dukani kwangu.

"Wanaosoma toka kushoto ni wengi," Spès alianza.

"Nyamaza," alisema Claudine. "Umeshindwa." Kisha akaniuliza, "Na kwa nini mi nikae kulia?"

"Mgeni anakaa kulia."

Aliacha kupepea. "Mi si mugeni hapa, fundi."

Mama wa maandazi aliangalia mkaa. Mimi nilikuwa nimesema neno la adabu tu, lile tunalosema kila siku tukimpa mtu kiti, na likaanguka vibaya wiki ile. Nikatafuta la kusema, nikapata ukweli.

"Basi kaa kulia kwa sababu herufi nimeshazipanga hivyo na ziko moto."

"Hiyo sawa," akasema, akaendelea kupepea.

Nikagonga majina kwenye kipande cha karatasi ya kawaida. Nikaweka mezani, nikapangusa mikono. "Kidole," nikasema. "Kila mutu kwa jina yake."

Wakainama. Spès akaweka kidole kwenye jina la Claudine, akapita herufi moja moja. Claudine akaweka kidole kwenye jina la Spès, akafika kwenye E akasimama. "Kialama chake bado."

"Kitakuja na msumari."

"Nataka nikione."

Sheria ya Mzee Ramadhani inasema mwenye jina ndiye aweke kidole. Niliona hawajaifuata. Niliwaacha. Nikaupasha msumari, nikauonyesha, nikagonga dhahabu mara sita. Pasi ikapita mara sita. Saa sita kasoro dakika saba yule mama wa miwani alipima nakala zote sita kwa kuzipanga kama karata, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa kile kipande kilichobandikwa, akanitazama muda mrefu.

"Urembo," nikasema.

"Hm," akasema, akaandika.

Swala ya Ijumaa siku ile niliiwahi mwisho mwisho. Nilitawadha mara mbili, dhahabu ikakataa kutoka kwenye kucha, na jirani yangu wa safu akaniuliza kwa macho kama nimeoa.

Jumanne nilifunga duka nikaenda kukaa benchi la nyuma. Jaji mmoja mzee, sauti nzito, aliuliza swali nililokuwa naliogopa tangu mwanzo: wanajuaje kwamba chura aliyelia upande wa Burundi hakuvuka akalia tena upande wa Rwanda? Claudine akaeleza habari ya simu na zile dakika kumi.

"Na mtandao ukikatika?"

"Unakatika, Profesa," alisema Spès. "Lakini ukimujua vizuri mutu, unajua ameanza kuhesabu saa ngapi."

Ukumbi ukacheka, na yule jaji naye, akijizuia. Kisha akauliza nani hasa aliandika sura ya majadiliano, maana ilikuwa nzuri kuliko nyingine. Kila mmoja akanyoosha kidole kwa mwenzake, papo hapo, kama askari. Walifaulu. Mama Spès alipiga vigelegele kwenye korido mpaka darasa la jirani likasimamisha mtihani.

Jumatano asubuhi nilikwenda nao kwenye basi. Claudine alikuwa amefunga nakala yake ndani ya kitenge. Kijana wa kupakia mizigo aliona anakoenda kwenye tiketi, akasema kwa utani ambao haukuwa utani wote, "Dada, unapeleka siri zetu kule?"

"Zote," alijibu Spès kabla yake. "Amebeba vyura wetu wote, tumebaki na mbu tu."

Wakakumbatiana kwa muda mrefu hata dereva akazima injini. Mimi nilishika begi ambalo halikuhitaji kushikwa.

Baada ya hapo nilitoroka tena, kama kawaida yangu. Nilikwenda Uvira kuuza simu, nikakaa Kigoma, nikafika hata Lubumbashi ambako baridi ilinifundisha kupenda nyumbani. Kila mji nilioingia nilitafuta kwanza mahali wanapofunga vitabu, nikasimama mlangoni kunusa gundi. Niliporudi, wanafunzi walikuwa wameanza kupeleka memwari zao kwa kompyuta, na macho yangu yalikuwa yamechoka na herufi ndogo. Nikauza presi kwa kijana wa hapa Mutakura, yule yule wa penalti. Mpaka nao ulifunguliwa, tukafurahi, ukafungwa tena.

Wiki iliyopita dereva wa basi linalotoka Tanzania alinitafuta kwa kuuliza uliza, akanipa bahasha nene. Ndani palikuwa na memwari ya kijani. Jalada limelegea, mgongo umepasuka, na kikaratasi chenye mwandiko wa Claudine: "Fundi, imechoka. Itengeneze mgongo, lakini herufi usiguse."

Nikaigeuza kwenye mwanga. Kipande changu cha Ijumaa ile bado kimeshika, pembe zote nne, nasema hili kwa kiburi. Upande wa kulia jina la Claudine linang'aa kama jana. Upande wa kushoto dhahabu imekwisha. Imebaki alama tupu kwenye kitambaa, na ile nukta ya msumari.

Nilimpigia simu Spès, siku hizi anafundisha. Nikamwambia alete na yake niitazame mgongo.

"Yangu nzima kabisa, fundi. Haina kitu."

"Lete tu."

Aliileta Jumamosi, palepale kwa kijana wa penalti ambaye alituazima meza. Mgongo kweli ulikuwa mzima. Nikaiweka ubavu kwa ile iliyotoka safari. Kushoto jina la Spès linang'aa. Kulia, mahali pa Claudine, palikuwa pamesuguliwa mpaka kitambaa kimekuwa cheupe.

"Kumbe haina kitu," nikamwambia.

Kijana alipunguza sauti ya mpira, akainama, akatazama majalada mawili, kisha akauliza kama fundi, na hapo nikajua kibanda kile kitadumu: "Tupige dhahabu mupya?"

"Apana," alisema Spès, na kidole chake kilikuwa kimeshafika pale peupe. "Tengeneza mugongo tu."